Mlango wa Jirani Yako

Ndugu msomaji, Kurani Tukufu inawakataza waaminio kuingia nyumba isiyo yao mpaka wapate idhini na kuwatolea salamu wenyewe; na wakiambiwa warudi, warudi (24:28-29). Tena katika aya moja imekataza dhana, upelelezi na kusengenya (49:13). Tazama utaratibu wake: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa masengenyo.

Imesimuliwa kwamba Seyidna Umar r.a., Khalifa wa Pili, alisikia usiku kelele za ulevi, akapanda ukuta, akamkuta mtu na pombe. Mtu yule akasema kuwa yeye amekosa moja, lakini Khalifa amekosa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakuomba idhini. Khalifa akakiri, akamsamehe.

Sheria ya nchi yetu nayo imeweka mipaka. Ibara ya 16 ya Katiba, iliyoingizwa mwaka 1984, inalinda nafsi ya mtu, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 yataka upekuzi uwe kwa hati, mchana, ila kwa ruhusa ya mahakama au kwa dharura.

Wakazi wa Ngara na Biharamulo wanajua uzito wa jambo hili. Aprili 1994 wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa siku mbili tu. Septemba 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, kuwatafuta wahamiaji wasio na kibali katika Kagera, Kigoma na Geita. Katika nyakati kama hizo neno moja la jirani laweza kumhamisha mtu kwake. Na lugha ya Mhangaza, raia wa Ngara tangu mababu, yakaribiana sana na Kirundi. Je, matamshi yake ni ushahidi?

Huenda ukauliza: basi tumfiche mhalifu? Hasha! Mwislamu hutii serikali yake. Ukiona silaha kwa macho yako, toa habari. Lakini ulichoona ni ushahidi. Ulichokisia ni dhana, na baadhi ya dhana ni dhambi.

Basi, ndugu, kabla hujalitaja jina la jirani yako mbele ya balozi wa nyumba kumi, jiulize: nimeona, au nimedhani? Mwenyezi Mungu atusitiri, nasi atuwezeshe kuwasitiri wenzetu. Amin.