Hatua Zilizopotea

Kaka yangu hutengeneza tovuti. Tunaishi chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam. Mchana kutwa amekaa mbele ya kompyuta, akisaka nukta mkato moja iliyosahaulika. Jioni huvaa raba akatoka kukimbia, mkononi ile saa ihesabuyo hatua. Lazima zifike 10,000. Zikipungua, usiku atazunguka kitanda mpaka zitimie. Mimi nilale saa ngapi, bwana?

Juzi bibi wa chumba cha jirani alizidiwa. Kaka akambeba mgongoni hadi barabarani kutafuta bajaji. Aliporudi, akatazama mkono. Saa ilikuwa imeisha chaji.

"Dah! Hatua zote zile zimepotea."

Zimepotea kwa nani, ndugu msomaji? Bibi si alifika hospitali?

Hiyo 10,000 yenyewe haikushuka mbinguni. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa kiitwacho Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa likageuka sheria ya watu.

Sisemi kuhesabu ni kubaya. Pasipo saa ile, kaka asingeinuka kitini. Lakini kipimo ni mtumishi. Kikishakuwa bwana, hata wema usioandikwa tutauona hasara.

Nilitaka kumcheka. Nikakumbuka daftari la riwaya yangu: kila usiku naandika pembeni idadi ya kurasa. Sijawahi kujiuliza ni ukurasa upi umesema kweli. Ama kweli, nyani haoni kundule.