Kisu cha Kukunja na Moyo wa Mwenye Nacho

Ama baada ya kumhimidi Mwenyiezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hii ni mas-ala ambayo mtu huweza kuiona ni ndogo, wala si ndogo. Mtu ana kisu cha kukunja mfukoni, chenye mpini wa mti, alichokinunua kwa fedha isiyozidi ya chakula cha siku moja. Amekaa nacho miaka kumi. Kikimpotea huhuzunika, naye amewahi kupotelewa na vitu vya thamani mara ishirini ya hicho, asivikumbuke tena. Je, mapenzi hayo ni nini? Ni ukinaifu, yaani kutosheka na kilicho kidogo, au ni ile tamaa ya dunia yenyewe, imevaa kanzu kuukuu?

Jawabu halipatikani kwa kuutazama moyo peke yake. Hapana budi kwanza kukitazama kisu.

Visu vya namna hii ni vingi duniani, lakini mfano ulio wazi ni ule wa Savoie, nchi ya milima iliyo Ufaransa upande wa Italia. Huko Gevoudaz, karibu na Albiez-le-Vieux, palikuwa na mhunzi aliyewafulia wakulima mashoka na miundu. Mwanawe, Joseph Opinel, aliyezaliwa mwaka 1872, alitengeneza katika mwaka 1890, naye yu kijana wa miaka 18, kisu cha kukunja cha kutiwa mfukoni. Kilikuwa na vipande vinne tu: bapa, mpini, kikuku cha chuma kichwani mwa mpini, na msumari mmoja wa kuvishika vyote. Mwaka 1897 akavipanga kwa ukubwa, kutoka namba 1 hata namba 12, ili kila mkono upate wake. Mwaka 1955 kikaongezwa kipande cha tano, nacho ni pete ya kuzungushwa kwa kidole, ili bapa lisimfungikie mtu vidoleni. Ile namba 8, ambayo ndiyo ipendwayo mno, bapa lake ni la sentimita 8 na nusu, na uzito wa kisu kizima haufiki gramu 50.

Kisu hiki kina aibu zake, na ni uadilifu kuzitaja. Feleji yake ya asili hushika kutu. Mtu akikatia limau kisha asikifute, kesho yake hukuta madoa meusi, na katika upepo wa bahari hata limau halihitajiwi. Mpini nao ukinywa maji huvimba, na bapa huganda ndani lisitoke kwa ukucha. Watu wa Savoie wana hila yao kwa jambo hilo: hukigonga kitako cha mpini juu ya meza, bapa likachungulia, wakalivuta. Kiwanda hufanya pia visu vya chuma kisichoshika kutu, na wengi huvipenda kwa kuwa havina matata. Lakini wako wanaokishika kile chenye matata, wala hawataki badali yake.

Hapo ndipo penye siri ya mas-ala yenyewe. Kitu kinachoshika kutu hakimwachi mwenye nacho kulala. Humtaka akifute baada ya kazi, akipake tone la mafuta, akinoe kila baada ya siku chache. Kila jioni hukaa barazani na kinoo chake, akapitisha bapa upande huu na upande huu, kisha akajaribu makali kwa ukucha wa kidole gumba. Mapenzi huzaliwa humo. Mtu hupenda alichokihudumia kuliko kilichomhudumia, na mama wa mtoto mgonjwa hahitaji kufundishwa neno hili. Na kuna jambo la pili. Vile visu vya bei kubwa vyenye feleji ngumu sana huchukua siku nyingi kabla ya kufifia makali, ni kweli. Lakini vikifa, jiwe la uani haviliheshimu, na mwenyewe hulazimika kumtafuta fundi mwenye vyombo. Feleji laini ya kisu rahisi hufa upesi na hufufuka upesi, kwa jiwe lolote lililo sawa. Basi mwenye kisu cha thamani ndogo ni bwana wa kisu chake, na mwenye kile kingine aghalabu ni mlinzi tu wa amana aliyojiwekea mwenyewe.

Wala mtu asidhani kuwa sharia imeyapuuza haya. Imepokewa kwa Shaddad bin Aws, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa Mwenyiezi Mungu amewajibisha wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, na kwamba mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Kilichotakiwa ni makali. Naye Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipotaja katika Minhaj vitu vinavyofaa kuchinjia, alihisabu kila chenye kukata, kama vile chuma, shaba, dhahabu, mti, tete, jiwe na kioo, akaondoa kucha, jino na mifupa mingine. Na atazame msomaji: tete lenye makali limewekwa safu moja na dhahabu! Bali mwenye kuchinja kwa kisu cha dhahabu, mnyama wake ni halali na yeye amekosa kwa kukitumia. Mwenye tete hana kosa lolote.

Na kwa kuwa tete limetajwa, ifahamike kwamba kisu kidogo ni ndugu wa kalamu tangu zamani. Kalamu ya tete haiandiki mpaka ichongwe, na mwandishi mkubwa wa Baghdad, Yaqut al-Musta'simi, aliyefariki mwaka 1298, alipata sifa kwa namna alivyoigeuza kata ya ncha, akaikata mshazari, hati ikapata uzuri mwingine. Waingereza hata leo hukiita kisu kidogo cha kukunja kwa jina la kisu cha kalamu, na wengi wao wamekwisha sahau sababu.

Sasa na arudi mtu kwenye moyo. Mwenye kupinga atasema: haya yote ni maneno matamu, lakini watu wa siku hizi hukipenda kisu rahisi kwa kujionyesha. Na amesema kweli kwa baadhi yao. Wenye kiwanda cha Opinel husimulia kwamba mwaka 1985 jumba la Victoria and Albert Museum la London lilikitia kisu chao katika vitu 100 vizuri kabisa vilivyobuniwa. Tangu kitu cha mkulima kiingie jumba la makumbusho, tajiri hukitoa mfukoni mbele ya wageni ili waseme: tazameni alivyo mnyenyekevu. Mwingine hununua namba zote, akazipanga kabatini, wala hazikati hata chungwa. Huyo amefanya kitu cha kutosheka kuwa ni kitu cha kukusanya, na rahisi kumi na mbili ni ghali moja. Kiburi cha kitu duni ni kibaya kuliko kiburi cha kitu cha fahari, kwani mwenye fahari watu humwona na humnasihi, na huyu hupewa sifa.

Lakini upo mtihani wa kuwapambanua, nao ni kuazima. Na achukuliwe mvuvi aliye ngalawani, mwenziwe amenaswa na mshipi, akalilia kisu. Kama mwenye kisu hukitoa pale pale, na kikianguka baharini akahuzunika kidogo, kesho akanunua kingine akaanza kukinoa, basi alichokipenda ni kazi na utunzaji, na kisu kilikuwa ni njia. Thamani ndogo ndiyo iliyomrahisishia. Mwenye kisu cha bei ya ng'ombe huenda naye akakitoa, lakini mkono wake hutangulia kusita.

Haya yangekuwa ndiyo mwisho wa maneno kama si jambo moja zito. Urahisi ule ule unaompa mvuvi kisu humpa na mnyang'anyi. Katika mji wa Solingen, Ujerumani, kulianza kutengenezwa mwaka 1902 kisu kiitwacho Okapi, kwa jina la mnyama wa misitu ya Kongo aliyejulikana kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1901 tu. Kilikusudiwa makoloni ya Ujerumani ya Afrika, ambayo Tanganyika ilikuwa ni mojawapo. Mpini wake ni wa mti wenye vipambo vya nyota na mwezi mwandamo, na vipambo hivyo visimdanganye mtu, ni hila ya biashara wala si alama ya dini. Nyuma yake kuna pete, na kikifunguliwa hulia meno kwa meno. Katika miaka ya 1980 kazi yake ilihamia Afrika ya Kusini. Huko wako wakulima na wachungaji wanaokitumia kwa kheri, lakini katika mitaa ya miji jina lake limekuwa ni jina la kisu cha wahuni, na damu ya watu wengi imemwagika kwacho.

Japani nako watoto wa skuli walikuwa wakichukua kisu cha kukunja cha bei ndogo, higonokami, wakichongea penseli. Tarehe 12 Oktoba 1960 mwanasiasa Asanuma Inejiro aliuawa mbele ya watu mjini Tokyo, na silaha iliyomwua ilikuwa upanga mfupi, si kisu cha penseli. Juu ya hayo ikaenea harakati ya kuwaondolea watoto visu, na mikono ya kizazi kilichofuata ikapungukiwa na elimu moja. Aliyeamua hivyo alikuwa na khofu ya haki, lakini alikiadhibu kisu.

Wanazuoni wa madh-hebu ya Shafi walishika njia nyingine. Kuuza kisu ni halali, na kumwuzia silaha mtu ajulikanaye kuwa ni mnyang'anyi wamekukataza. Hukumu wameiweka katika ujuzi wa muuzaji, na hapo ndipo palipo pazito. Mwenye duka sokoni ana sanduku la visu vya kukunja, bei moja kwa wote. Asubuhi huja mkwezi, akajaribu makali, akalipa. Magharibi imekaribia, huja kijana ambaye mtaa mzima wajua jana alipigana na nani. Haulizi makali wala mpini. Ameweka fedha juu ya meza, na mwenye duka mkono wake uko juu ya kisu.