Jina na Haki Yake

Mwanadamu hupenda kudhani kwamba akiisha kukipa kitu jina amekwisha kukijua. Dhana hii yafaa ipimwe, na mahali pa kuipimia ni bahari ya visiwa vya Kerguelen, kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi, ambavyo Wafaransa waliviona mwaka 1772, na Nahodha Cook, alipofika mwaka 1776, akaona vinastahili jina la Ukiwa.

Januari 1874 wataalamu wa meli ya Challenger walikokota nyavu zao katika maji yale ya baridi. Walivua viti vya pweza, majongoo wa bahari na viumbe wa miiba. Jicho peke yake lingewatenga: huyu ana mikono, yule ni mviringo, mwingine ni mrefu kama mnyoo. Lugha yetu nayo imelifuata jicho, ikamwita mmoja kiti na mwingine jongoo. Lakini achunguzaye ndani hukuta mpango wa sehemu tano, na mishipa ya maji iendeshayo vijiguu vidogo. Hao ni ndugu. Jongoo wa nchi kavu si jamaa yao.

Je, tuseme jicho ni mwongo na kisu ni mkweli? La. Jina la mvuvi hutimiza kazi yake, maana humwonyesha mwenzake kitu kile kile. Kosa huanza pale mpangaji anaposahau kwamba safu ni zake, bali maisha ni ya mnyama.

Yuko huko mnyama wa miiba mwenye umbo la moyo. Verrill wa Marekani alimwandika mwaka 1876 katika jenasi ya Hemiaster. Waliofuata wakamhamishia Abatus. Jamaa zake wengi huyaachia maji mayai yao. Huyu hulea watoto katika vifuko vinne mgongoni, nao wakitoka hukaa karibu na mama. Kumchanganya na wa mbali kwa kuwa wanafanana si kosa la karatasi tu. Bahari ikizidi joto naye akatoweka, daftari litasema yupo, na hapana atakayemlilia.

Basi mpangaji wa viumbe na awe hakimu, asiwe mwenye duka. Mwenye duka hupanga bidhaa apendavyo. Hakimu husikiliza ushahidi, na ukija mpya huibatilisha hukumu yake pasipo haya. Jina ni amana: aliyelitoa hudaiwa na aliyepewa, hata kama mdai hana kinywa cha kudai.