Jembe la Amri

Twasikia wazee wa Morogoro wakinena ya kuwa vijana waliorudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa ni wavivu: hushika jembe afande akiwapo, akiisha kugeuka huliweka chini. Je, huo ni uvivu? Maana mwaka 1955, Serikali ya Kiingereza ilipowaagiza Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani, watu wa Matombo walikataa kwa ghasia. Nao hawakuwa wavivu. Mashamba yao waliyalima tangu alfajiri, katika mteremko uchoshao hata mbuzi. Bali waliona ngazi zile zafukia udongo mzuri na kuleta juu ule mbaya. Mpango ukaachwa.

Tena Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa utumishi wa Jeshi hilo hilo, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Wale leo ni mababu, na wengine wao (twasema kwa heshima) huenda wamo katika walaumuo.

Basi, kijana aliyerudi apewe kipande cha shamba kiwe chake, kisha tumtazame asubuhi asipokuwapo wa kumwamuru. Lakini ardhi ya Uluguru ni ya ukoo, na wagawao ni wazee.