Pilipili Haina Moto

Msikilizaji wangu uliye Murungu, Kibondo, Kasulu na nyanda za juu zote za Kigoma, saa hizi maji ya kunawa yanauma vidole.

Pengine unapasha kiporo cha maharage. Ukitafuna pilipili kichaa kidogo tu, jasho puani, machozi, mdomo wazi ukivuta hewa kama umemeza kaa la moto. Lakini pilipili ile ilikuwa ya baridi! Moto umetoka wapi?

Kwenye ncha za neva za ulimi mna vipokezi, vijilango vya protini vinavyofunguka joto likipita nyuzi 43 hivi, vikapeleka habari kwenye ubongo: tunaungua. Kapsaisini, kemikali ya pilipili, hufungua mlango huohuo. Ubongo umefungiwa gizani ndani ya fuvu. Haujaona moto wala pilipili, unaamini ulichoambiwa. David Julius wa Marekani na wenzake walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akapewa tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, mtafiti wa mguso. Mnanaa wa dawa ya mswaki nao hufungua kipokezi cha baridi.

Ukiungua kwa pilipili, acha maji, kunywa maziwa. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta.

Na kuku anayedonoa pilipili uani usimwonee huruma. Kipokezi cha ndege hakiisikii kapsaisini. Anakula, anaondoka, mbegu anaziangusha shambani kwa jirani.