Nati Iliyonyamaziwa

Kazi ilikuwa imebaki kidogo sana. Corolla ya zamani, ile ya kabureta, ilikuwa imesimamishwa kwenye gereji ya kando ya barabara mtaani Ngagara, Bujumbura, boneti juu. Mwenye gari, mama mmoja anayelisha nyumba yake kwa teksi hiyo, alikuwa amekaa kwenye benchi akingoja. Kabureta ilishasafishwa, lililobaki ni kurudisha chujio la hewa na kufunga nati zake. Hapo nati moja, ya spana namba 8, ikamponyoka vidoleni kijana mwanafunzi wa gereji. Ikagonga chuma mara moja, basi, haikusikika tena.

Gereji yenyewe siitaji, wala wahusika, maana kisa hiki kingeweza kutokea Kamenge hapa hapa mjini, Kariakoo ya Dar es Salaam au Grogan ya Nairobi siku yoyote. Ila Ngagara ina hali yake. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1950 na OCAF, shirika la nyumba la wakati wa Wabelgiji, ukagawanywa kwa namba, na leo kati ya nyumba zile zimejibana gereji ndogo zisizo na paa wala sakafu. Kitu kikianguka kinaangukia vumbi na changarawe iliyolowa oili, na fundi hujiambia kwa urahisi mno kwamba kimepotelea chini. Vipuri hufuatwa mtaa wa Buyenzi. Injini ikifa, mwenye gari hajui aanzie wapi.

Kijana aliinama akatazama chini ya gari, hakuiona. Akapapasa juu ya giaboksi, akapapasa pembeni ya betri, hakuna. Ndipo alipokumbuka kwamba mdomo wa kabureta ulikuwa wazi wakati wote, akavuta waya wa eksileta apate kuchungulia ndani vizuri zaidi.

Kosa la kwanza lilikuwa hapo. Chini kabisa ya kabureta kuna kisahani kinachozungushwa na waya ule. Injini ikiwa imezimwa, kisahani huziba njia karibu yote. Nati ilikuwa imetua juu yake, mahali ambapo sumaku ndogo ya fimbo ingeinyanyua mara moja. Alipovuta waya kisahani kikafunguka, na nati ikateremka hadi kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda zote. Akachungulia, asione kitu. Akaamua imezama mchangani.

Kosa la pili ni kopo. Karibu kila gereji ina kopo la nati na boliti za akiba, na mimi naliogopa kopo hilo kuliko kifaa kingine chochote pale. Kijana alichomoa nati ya pili, akafunga, kazi ikaonekana imetimia. Pengo lililokuwa likipiga kelele kwamba kuna kitu kimepotea lilizibwa kwa nati ya bure.

"Mama, tayari. Washa tusikie."

Injini ikiunguruma polepole huzunguka kama mara 800 kwa dakika, yaani kila pistoni hufika juu zaidi ya mara 13 kwa sekunde. Ikifika juu, kati yake na silinda hedi hubaki, mahali pengine, nafasi ya milimita moja hivi. Nati ya namba 8 ina unene wa milimita 4. Hewa iliivuta ikapita kwenye valvu iliyofunguka, ikaingia silinda ya tatu, na pistoni ikaanza kuigongesha darini. Mlio wake ni wa nyundo juu ya fuawe, na aliyewahi kuusikia hausahau. Mama alishtuka, akapeleka mkono kwenye ufunguo, lakini kijana alimwambia aongeze mafuta kidogo, labda ni uchafu unatoka. Sekunde kumi tu zilitosha kwa mapigo zaidi ya 130.

Mwenye gereji alikuwa Buyenzi kutafuta gasketi. Aliporudi alikuta gari limezimwa na kijana anafuta spana ambazo hazikuwa chafu.

"Umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu, shefu."

"Mwanangu, nimekuuliza umeangusha nini."

Ilimchukua muda kusema. Hedi ilipofunguliwa kesho yake, utosi wa pistoni ulikuwa umejaa vidonda, plagi (bujia, wanavyosema wengi hapa) imepigwa mpaka ncha zake zimeshikana, na valvu moja ya kuingiza hewa imepinda, haikai tena kwenye kiti chake. Nati yenyewe ilipatikana imekwama ukingoni, imekuwa kipande kisicho na umbo. Kazi ya nusu saa iligeuka valvu mpya, gasketi mpya, kusagwa kwa hedi, na wiki kadhaa ambazo teksi haikuingiza hata faranga moja.

Wengi wanaosimuliwa kisa hiki husema kijana ni mzembe. Mimi sikubali. Mikono ya fundi imejaa oili, nati ni ndogo, na hajazaliwa makanika asiyewahi kuangusha kitu. Ubaya uliingia pale aliponyamaza, na kunyamaza huko alikuwa amefundishwa. Katika gereji nyingi mwanafunzi hapati mshahara. Anapata chakula, na nauli siku ikiwa nzuri. Akikosea hutukanwa mbele ya wateja, pengine hurushiwa spana. Kijana wa namna hiyo akiangusha nati huwa anapima mambo mawili: matusi ambayo hayana shaka, na madhara ambayo huenda yasitokee. Atachagua kunyamaza kila mara. Mwenye gereji mwenyewe aliliona hilo, na kwa haki alilibeba. Alimweleza mama ukweli wote pale pale, akalipa valvu na gasketi mfukoni mwake, na kijana hakumfukuza.

Wala si gereji ndogo tu zinazopotewa na vitu. Tarehe 20 Agosti 2007, Boeing 737-800 ya China Airlines ilitua Naha, Okinawa, ikitoka Taipei. Mara tu baada ya kusimama, mafuta yakamwagika kutoka bawa la kulia na ndege ikashika moto. Watu wote 165 waliwahi kutoka; ndege iliteketea. Wachunguzi wa Japani walikuta boliti imetoboa tangi la mafuta. Boliti hiyo ilichomoka mahali pake kwa sababu nati yake ilikuwa ndogo kuliko tundu, na washa iliyopaswa kuizuia isipenye haikuwepo. Walihitimisha kwamba washa ilidondoka wiki chache kabla, nati ilipofunguliwa kwenye matengenezo, na hakuna aliyetambua. Nimekitaja kisa hiki kwa ajili ya wale wanaodhani kuhesabu washa ni kazi ya watoto.

Baada ya Corolla, ile gereji ya Ngagara ilijiwekea utaratibu. Anayeangusha kitu hupaza sauti: "Imeanguka!" Hakuna anayemkaripia. Ufunguo huchomolewa na kukabidhiwa kwa mwenye gari, waya wa betri hufunguliwa, eksileta haiguswi, na gari haliruhusiwi kusukumwa likiwa kwenye gia, maana hilo nalo huzungusha injini. Halafu wote huweka vifaa chini wakatafuta.

Haikupita muda mrefu, mwanafunzi mwingine, mdogo kuliko yule wa kwanza, akapaza sauti hiyo juu ya Probox. Alikuwa ametoa plagi, na springi ya ndani ya koili ikachomoka kwenye mpira wake ikatumbukia shimoni. Shimo la plagi lina upana wa milimita 14. Springi ile ilipita bila kugusa ukingo. Mwenye gereji hakuchukua sumaku kwanza. Alichomoa springi ya koili ya pili, akaijaribu kwa sumaku, haikushikwa. Basi wakajua mapema kwamba sumaku ingewapotezea muda. Ndivyo ilivyo pia kwa jeti za kabureta, ambazo ni za shaba, na kwa vipande vya alumini.

Wakaingiza kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Springi ilionekana imelala juu ya pistoni, upande wa ukuta. Njia nzuri ingekuwa mpira mwembamba uliofungwa kwenye mashine ya kufyonza vumbi, na kitambaa cha soksi mdomoni mwa mashine ili kitu kisimezwe, lakini umeme ulikuwa umekatika. Wakanyoosha waya mgumu, wakaupaka grisi nzito nchani, wakaushusha taratibu huku mmoja ameshika simu akiongoza: kushoto, kushoto tena, bonyeza. Mara mbili springi ilinata ikaanguka tena. Mara ya tatu ilitoka.

Kama ingekuwa ya chuma kinachoshikwa na sumaku, ingebidi sumaku izungushiwe mpira ubavuni ibaki ncha tu, la sivyo hung'ang'ania kuta za chuma badala ya kushuka. Kama ingekuwa kwenye manifoldi, ni kuifungua manifoldi. Hapo hakuna njia ya mkato, na kupuliza kwa kompresa hukisukuma kitu ndani zaidi. Faida ya kompresa ni kabla: kupuliza mchanga kuzunguka plagi kabla hazijafunguliwa, macho yakiwa yamekingwa. Na kuzungusha injini, ikibidi, ni kwa spana kwenye puli ya krankishafti, plagi zote zikiwa nje, baada ya kamera kuonyesha kitu kiko wapi. Mkono ukihisi kizuizi, unaacha.

Probox ile iliondoka jioni hiyo hiyo. Siku hizi pale gerejini mdomo wa kabureta ukifunguliwa hufunikwa kwa kitambaa chekundu kikubwa ambacho mkia wake huning'inia nje, kisisahaulike ndani. Nati zinazotoka hupangwa kwenye boksi la karatasi lililotobolewa matundu, kwa mpangilio ule ule zilivyokaa kwenye injini. Kopo la akiba limehamishiwa kwenye kabati la mwenye gereji, na anayetaka nati humo huulizwa kwanza ile ya zamani iko wapi. Kijana wa Corolla ndiye anayeshika ufunguo wa kabati hilo, na ndiye anayewaeleza wanafunzi wapya kwa nini wanaulizwa.