Kipande cha Siku 30

Hapa Mabawa, Tanga, vitumbua vishaiva na daladala zinapiga honi. Wapo miongoni mwetu ambao babu zao waliletwa Tanga kwa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Walitoka bara kuja kukata mkonge Muheza, Korogwe na Pangani. Kila mmoja alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Usipofikisha matita ya majani uliyopangiwa, siku yako haikuandikwa, na jua limekuchoma bure. Miba ya mkonge nayo, mnaijua, haina adabu.

Basi wengine walitoroka usiku. Kwa watawala wetu wa wakati huo, Uingereza kwenyewe, kibarua wa shamba aliyemkimbia bwana wake alikuwa akifungwa jela, hadi mtindo huo ulipofutwa mwaka 1875. Lakini Tanganyika, sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 bado ilimhesabu mtoro kuwa mhalifu, wa kusimamishwa kizimbani kama mwizi wa kuku. Mimi hapo ndipo ninapochoka. Mwizi ameondoka na kuku wa mtu. Huyu ameondoka na mikono yake mwenyewe, tena imejaa makovu.